Aliyeijulia Mashine Hali

Alikuwa mtu wa kukera. Naanza na hilo kwa makusudi, maana mtu ukishapita naye kwenye shida, kasoro zake unazifuta moja moja mpaka anabaki malaika, na mimi sitaki kumfanya malaika. Ukiingia chumba cha mashine pale kwenye redio yetu ya jamii, umetoka juani, una kazi ya watu mkononi, humwoni akigeuka. Salamu yako inasubiri. Kwanza amalize kuisalimu mashine. Alikuwa akiandika kwa vidole viwili tu, neno moja, psrinfo, anabonyeza, anangoja. Kioo cheusi kinamrudishia mistari minne. Anaisoma yote kwa sauti, taratibu, na tarehe zake. Ndipo anageuza kiti cha plastiki na kusema: "Marahaba, binti. Unasemaje?"

Sisi sote tulimwita Mwalimu. Aliwahi kufundisha kompyuta shule ya sekondari, na hata baada ya kuacha jina likabaki. Mkuu wa redio alimwita Mwalimu, wauza samaki walimwita Mwalimu, na mkewe alimwita Professor akitaka kumchokoza.

Mashine yenyewe iliachwa na watu waliokuja kupima chini ya bahari. Walipoondoka hawakutaka kuibeba, wilaya ikatupa sisi. Ilikuwa kubwa, nzito, inavuma kutwa, na ndani yake mlikuwa na prosesa nne zinazofanya kazi pamoja. Tuliziita vichwa. Mashine ya vichwa vinne. Wengi wetu tuliiogopa, na yeye hakutusaidia kuacha kuiogopa.

"Mashine ya kichwa kimoja," alituambia siku aliyotufundisha, "ikiugua unajua palepale. Inalala. Hii ya vichwa vinne ni ndumilakuwili. Kimoja kinakufa, vitatu vinabeba mzigo wake, wewe unaona kazi inakwenda unasema alhamdulillahi. Kumbe nyumba ina maiti. Kwa hiyo huulizi nyumba ina hali gani. Unauliza kila aliyemo."

Basi tukajifunza kuuliza. Kilichoandikwa on-line kiko kazini, na mashine inakwambia kiko kazini tangu lini. Off-line kimepumzishwa, lakini kipo, ukikiita kinarudi. Faulted ndicho kibaya: hicho mashine yenyewe imekitoa, imeona kinakosea hesabu, imekiweka kando kisiharibu kazi ya wenzake. Kulikuwa na amri ya kukipumzisha kichwa na amri ya kukirudisha. Na kulikuwa na amri ya tatu, ya kukilazimisha kichwa kilichotolewa kirudi kazini hivyohivyo na ugonjwa wake. Hiyo alitutajia mara moja, akaifuta ubaoni kwa kiganja.

"Hii ipo. Lakini mtu mwenye adabu haitumii."

Kilichomfanya aipende mashine, nadhani, ni kwamba haikujua kuficha. Pwani yetu hii mtu ukimuuliza hali atakwambia salama. Salama kabisa. Ukishakaa, umepewa maji, ndipo unaambiwa mtoto ana homa na nyanya amezikwa juzi. Mwalimu lilimchoma hilo. "Salama gani yenye msiba ndani?" alikuwa akifoka. Siku moja Bi Atija, mama aliyekuwa akitufagilia, alikuja kazini akajibu salama, na baada ya chai ndipo akasema paa la nyumba yake limeng'olewa na upepo. Mwalimu alimgombeza kana kwamba ndiye aliyeling'oa. Kisha akaenda kumwezekea, akashinda juu ya paa kutwa nzima, akateremka mgongo haunyooki. Kesho yake nikamuuliza mgongo vipi.

"Salama tu," akasema.

Ndivyo alivyokuwa. Alikataza chakula chumbani kwa mashine, na mihogo ya kuchoma akaila humohumo, makombo yakiingia kwenye kibodi. Alitukataza kusema "labda" mbele ya mashine, lakini ukimuuliza atalipa lini sukari ya chai, jibu lilikuwa labda Ijumaa. Alikuwa na imani kubwa na maandishi ya kioo cheusi na hakuiamini hata kidogo celular, simu yake ya mkononi. Alipiga nayo simu tu, akiishika mbali na uso, akipaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

Mkewe nilimpenda kuliko nilivyompenda yeye. Alikuwa mcheshi, mnene kidogo, fundi wa kudarizi. Alipokuja mara ya kwanza kuiona hiyo mashine inayomnyang'anya mume, aliizunguka, akaipapasa, akasema: "Kitu cha thamani namna hii mnakiacha uchi?" Wiki iliyofuata akaja na kitambaa. Cheupe, maua mekundu pembeni, kipana cha kuifunika mashine juu hadi chini, mbele na nyuma. Msomaji wa pwani sina haja ya kumweleza. Kwetu redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata friji. Nyumba ambayo vitu vyake haviko chini ya kitambaa, wageni wanajua mwenye nyumba ni mvivu au hana mke.

Mwalimu alicheka. Alijua vizuri kwamba nyuma ya mashine kuna matundu ya kutolea joto, na joto lisipotoka vichwa vinaumia. Kwa hiyo kila mkewe alipotoka alikikunja kitambaa mpaka juu, na aliposikia kandambili zake mlangoni alikishusha. Tuliwaona, tukawacheka, na mkewe nadhani alijua. Ulikuwa mchezo wao.

Halafu ikaja siku ya kukimbia, wenye bunduki walipouingia mji. Sitaisimulia. Wanaoijua wanaijua. Nitasema tu kwamba mji ulitawanyika kila upande, na waliokuwa nyumba moja hawakukimbilia njia moja. Mimi na Mwalimu tulikuwa redioni, tukatokea kaskazini, tukatembea porini na minazini hadi kijiji cha Quionga, miguu ikitoka damu. Mkewe alikuwa nyumbani. Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa mdogo wangu wa mwisho, Somoe. Watu wa mtaa ule walikimbilia ufukweni, na waliowaona mara ya mwisho walisema wale wawili wameshikana mikono wanaelekea kwenye vyombo. Baada ya hapo hakuna aliyetuambia kitu.

Tuliporudi mjini, baada ya muda mrefu, nyumba nyingi hazikuwa na milango, lakini chumba cha mashine kilikuwa kimesalimika. Sijui kwa nini. Pengine hakuna aliyeweza kuibeba. Mashine ilikuwa pale pale, na kitambaa juu yake, kimejaa vumbi. Mwalimu alikikung'uta nje, akakirudisha, akakishusha mpaka chini kote. Hakukikunja tena.

Kazi ya redio ikabadilika. Hatukupiga muziki. Tulikusanya sauti. Waliovuka mto Rovuma mpakani, walioko Namoto kwenye kivuko, walioishia visiwani Rongui na kwingineko, kila mmoja alikuwa anatafuta mtu. Wachuuzi na wavuvi tuliwapa kadi ndogo za kumbukumbu, waliwarekodi watu kwa simu zao na kutuletea: "Mimi fulani, niko mahali fulani, ni mzima, namtafuta fulani." Tukishaziingiza sauti kwenye mashine, tunaifuta kadi na kuirudisha ikajazwe tena, kwa kuwa kadi zenyewe hazikutosha. Sauti zilikuja mbovu, zimejaa upepo na vilio vya watoto, na kila simu ilirekodi kwa namna yake, nyingi hazifunguki hata kwenye simu nyingine. Hazikuweza kusikilizwa wala kurushwa hivyohivyo. Ilibidi mashine izisafishe na kuzigeuza kwanza, na kazi hiyo inakula vichwa vyote vinne.

Mimi nilikuwa nazisikiliza zikishatoka. Kila sauti ya msichana niliirudisha nyuma, nikaisikiliza tena. Nilimsikiliza Somoe katika kila koo. Nikirudi nyumbani mama ananitazama mdomo tu, haulizi, anangoja niseme, na mimi sina. Nilikonda. Nikawa mkali kwa watu. Ukitaka kujua kukata tamaa kukoje, ni kuamka unatumaini na kulala umechoka na tumaini lenyewe.

Mwalimu naye aliisalimu mashine kila asubuhi kama zamani, na mimi nikawa nasimama nyuma yake. Kuhusu mkewe alisema neno moja tu, siku niliyothubutu kumuuliza.

"Yule yuko off-line. Amepumzishwa. Ataitwa."

Nilitaka kumwamini na nilitaka kumzaba kofi.

Kichwa cha kwanza kilitoka msimu wa joto. Asubuhi alisoma mstari wa kwanza, wa pili, kwenye wa tatu akausogeza uso karibu na kioo. Faulted. Nikaweka mkono juu ya kitambaa, nikauondoa haraka.

"Mwalimu, inawaka moto. Hiki kitambaa kinaiua."

"Joto la msimu."

"Ni kitambaa. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Binti," akasema bila kugeuka, "akirudi akute kitu chake mahali pake."

Bi Atija naye alijaribu. Yeye hakuwa anajua lolote la vichwa, ila alijua msiba. Alisimama na ufagio wake mlangoni akamwambia, "Baba, mimi nguo za marehemu wangu nimezigawa zote, nikabaki na kanga moja. Kitu cha mtu hakimrudishi mtu."

"Mke wangu si marehemu!"

Ilikuwa mara ya kwanza tumsikie akipiga kelele. Bi Atija aliweka ufagio chini, akatoka, na siku mbili hakuja. Kichwa cha pili kilitoka kabla ya mvua. Mtu huyu, aliyemgombeza kila mmoja wetu kwa kumjibu salama, alikuwa anasoma kwenye kioo kwa macho yake kwamba nyumba ina maiti wawili, na anaendelea kuwafunika. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia, maana humo ndani, chini ya maua mekundu ya mkewe, huenda mdogo wangu alikuwa ananiita na mashine haina nguvu ya kumtoa.

Sauti moja sasa ilichukua muda wa kupika maharage. Sauti zikarundikana ndani ya mashine. Hapo ndipo mchuuzi mmoja alipotoka Namoto na kadi yake, akaketi, akanywa maji, akamwambia Mwalimu, "Humu kuna dada mmoja wa lile kundi la ufukweni. Wa mtaa wenu. Niliambiwa alikuwa pamoja na mama, mkeo. Mimi sikumrekodi, alimrekodi mwenzangu, na mwenzangu ameshakwenda zake."

Mwalimu aliinuka. Alikishika kitambaa kwa mikono miwili, akakivua, akakikunja mara nne vizuri, akanipa nikishike. Nyuma matundu yalikuwa yamezibwa na nyuzi na vumbi. Akayasafisha kwa brashi ya meno, haraka. Kisha akaketi, akaimimina kadi yote ndani ya mashine na kuifuta kama kawaida, na sauti zikaanza kupanga foleni moja nyuma ya nyingine, na foleni haisogei.

"Ngoja," nikamwambia. "Sasa inapumua. Viwili vilivyobaki vitafika, hata kama ni kesho kutwa."

"Kesho kutwa," akasema. "Wewe unaweza kungoja mpaka kesho kutwa?"

Sikuweza. Naye alijua kuwa siwezi. Akaandika ile amri aliyoifuta ubaoni. Akavilazimisha vichwa viwili vilivyotolewa virudi kazini. Akauliza hali, na kioo kikaandika mistari minne, on-line, on-line, on-line, on-line, vyote vizima kwa maneno. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa na furaha na hofu kwa pamoja kama uso wake mchana ule.

Foleni ikaenda mbio. Sauti zilizosafishwa zikawa zinaingia kwenye kompyuta ya studio, na mimi nikakimbilia huko kuzisikiliza. Nyingine zilitoka safi. Nyingine zilitoka zimeliwa: mtu anasema, kisha mlio kama wa bati linaloburutwa, kisha anasema tena. Vichwa vibovu vilikuwa vinakosea hesabu, kama mashine ilivyotuonya. Nikapiga kelele asimamishe. Hakusimamisha, au hakunisikia. Kabla ya alasiri mashine ikanyamaza yenyewe. Mvumo tuliouzoea miaka yote ukakatika, kukawa na harufu ya plastiki iliyoungua, na vilivyokuwa ndani vikaenda nayo. Sauti zote ambazo hazijatoka. Kadi tulikuwa tumeshazifuta.

Mwalimu alibaki ameketi mbele ya kioo. Akaandika psrinfo, akabonyeza. Akaandika tena. Bi Atija ndiye aliyemshika mkono akamtoa nje.

Mdogo wangu nilimkuta jioni ile, karibu na mwisho wa zile zilizotoka. Ni sauti yake, hata mama aliitambua kabla sijamwambia. "Mimi Somoe. Niko hai, namtafuta dada yangu wa redio. Niko na—" na hapo ndipo bati linapoburutwa, refu, linakula jina la aliye naye na jina la mahali, mpaka mwisho tunasikia, "—msiwe na wasiwasi."

Mwalimu sikumpelekea sauti ile. Aliacha kuja redioni, akahamia Quionga kwenye mashamba ya shemeji yake, na mimi nikasema na akae huko huko. Aliyemwua mara ya pili mdogo wangu sikuwa na salamu naye. Nilikwenda Namoto mara nyingi kadiri nilivyoweza, nikamtafuta yule mwenzake mchuuzi aliyerekodi. Wengine walisema amekwenda Mtwara, wengine Lindi. Hakuonekana.

Mwaka huu, baada ya mvua, gari niliyopanda kwenda Namoto iliharibika Quionga. Nikaketi kwenye kibanda cha chai, na aliyekuwa ameketi pembeni akifua nazi ni yeye. Amekuwa mdogo. Shati kubwa kwake. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwambia kwa muda mrefu sana, makali yote.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba, binti."

Nikatoa simu, nikamwekea sauti ya Somoe. Sikumtayarisha. Nilitaka aumie, na aliumia: aliposikia "niko na" aliinua kichwa, na bati lilipoanza kuburutwa alifumba macho.

"Mimi ndiye niliyemkata hapo," akasema.

"Ndiyo. Ni wewe."

"Niwekee tena."

Nikamwekea. Akasema tena, nikamwekea tena, mwenye kibanda akawa anatutazama. Alikuwa ameinamisha sikio mpaka linagusa simu, anatafuta jina moja ndani ya kelele zile. Halikuwamo, nami nilijua halimo, nimeshatafuta. Hasira yangu ikaniishia pale, si kwa sababu nilimsamehe. Iliisha tu, kama maji ya kopo.

"Amesema yuko hai," akasema mwishowe. "Hilo halikuharibika."

"Halikuharibika."

"Mimi huenda Namoto kila siku ya soko," akasema, akitazama nazi zake. "Nasimama pale wanaposhukia kutoka ng'ambo. Naamkia watu. Wananiambia salama, wanapita. Mpaka leo sijamuuliza hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Naogopa atakayejua."

Gari ilitengenezwa. Nikamwambia apande. Alibisha, akasema ana nazi za kupeleka, akasema labda Ijumaa. Nikamshika mkono kama Bi Atija alivyomshika, nikampandisha, na mwenye kibanda akaziweka nazi kando.

Namoto palikuwa na watu wengi. Mtumbwi wa mota ulikuwa umeingia, wanawake wanashuka na mabeseni, vitenge vimefungwa hadi magotini. Niliwasogelea wale wa mbele kama nilivyozoea. Nikasema ninamtafuta mdogo wangu, anaitwa Somoe, nikawasikilizisha sauti. Wa kwanza akatikisa kichwa. Wa pili akasema pole dada. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi, anawaamkia wote, na wote wanamwitikia vizuri na kupita.

Aliyeshuka mwisho alikuwa mama wa makamo mwenye beseni la dagaa kichwani. Nilikuwa nageuka kumwendea, lakini Mwalimu alishanipita. Aliingia majini na viatu vyake.

"Mama, samahani," akasema, na sauti yake ilikuwa juu, kama alivyokuwa akiongea kwenye simu. "Namtafuta mke wangu."

Mama yule alisimama. Akashusha beseni kichwani polepole, akaliweka juu ya ukingo wa mtumbwi, akajifuta mikono kwa kitenge.

"Anaitwa nani?" akauliza.